Pikapu Iliyosaga Meno

Pikapu ya Bwana Mwasomola, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, iliingia gereji ikisaga kama mashine ya mahindi. Mwenyewe akashuka akifoka.

"Fundi Atuganile! Kelele hizi ziishe leo, na silipi. Kiwanja hiki unachofanyia kazi ni changu. Zisipoisha, kesho uhame!"

Atuganile alijilaza chini ya gari, akamulika tochi huku na huku, akatoka akitikisa kichwa.

"Mzee, gari tupu halisemi ukweli. Lazima tulisikilize likipanda mlima na mzigo, kisha likishuka bila mzigo."

"Mzigo gani?"

"Wowote. Hata yale matofali ya pale bondeni."

Wakapakia. Mwasomola mwenyewe alibeba, maana alitaka jibu haraka. Wakapanda, magurudumu manne yakivuta. Kwaruuu! Wakashusha matofali kileleni, wakateremka. Kwaruuu!

"Umesikia?" aliuliza Mwasomola.

"Nimesikia, ila sijajua kama ni kulia au kushoto. Turudie."

Wakarudia mara saba, hadi bondeni hapakubaki hata tofali moja. Wingu la mvua lilikuwa limeshatanda. Hapo Atuganile akafungua gurudumu la mbele, akachomoa kokoto lililobanwa nyuma ya diski ya breki. Gari likanyamaza kimya.

"Kokoto!" Mwasomola alishika kiuno kilichokuwa kikimuuma. "Asubuhi hukuliona?"

"Nililiona, mzee."

"Sasa mbona hukulitoa?"

"Asubuhi matofali ya nyumba yangu yalikuwa bado bondeni."