Pembe Iliyotundikwa Kambini

Hapo zamani, si zamani za mbali, maana mimi nilikuwa bado na meno yangu yote, palikuwa na mto milimani Upare. Kiangazi mto ule ulifungwa kwa lango la mbao, maji yakaingia mifereji minne ya mashamba. Chini ya lango yakabaki mawe na vidimbwi, wanawake wakifulia humo. Na lango halikufunguliwa kabla pembe haijalia. Pembe ikilia, unakusanya nguo zako unatoka mbio.

Akaja bwana mmoja wa kambi ya watalii, ana maboti ya mpira. Akataka maji ya kuchezea: kila Jumamosi mifereji izibwe, lango lifunguliwe, mto ujae mpaka kwenye alama nyeupe aliyoipaka jiweni. Akapata kibali chenye mhuri. Ijumaa kikatiwa saini, mbuzi wakachinjwa. Nyama niliila nami, sikatai. Mwenyekiti wa mifereji, Mzee Kiangi, alipokwisha kushiba na kusifiwa, akaombwa ile pembe iwe pambo la ukutani kambini. Akaitoa! Wala hakumwambia mtu, aliona haya.

Jumamosi ya kwanza, Mbonea mlinzi wa lango akaitafuta pembe, hakuiona. Watu wa kambi wakamhimiza, "Fungua bwana, wageni wamekwisha kuvaa!"

Akafungua kidogo. Maji hayakufika kwenye alama. Yangefikaje? Nambua yule mjane, nisimseme sana, alikuwa amezibua mfereji wake alfajiri kwa siri.

"Alama bado!" wakapiga kelele.

Mbonea akalifungua lango lote.

Huku chini, Nanzia, binti wa pekee wa Nakijwa, alikuwa akifua shuka za harusi yake. Asubuhi alimwuliza mamaye, "Mama, leo si siku ya maboti?"

"Pembe imelia?"

"Bado."

"Basi kafue."

Boti la kwanza lilifika kwenye kona wageni wakicheka. Wakaacha kucheka. Nanzia alikuwa amebanwa kati ya mawe mawili, shuka imemzonga shingoni.

Baada ya matanga wazee wakakaa. Kibali hakifutiki, wakasema, ila maji yasiachiwe tena kwa kishindo. Mfereji mmoja uzibwe moja kwa moja, maji yake yashuke mtoni taratibu siku zote, maboti yaelee. Mwenye mfereji huo hatavuna kitu, watu wa nyumba yake watalala njaa. Upi? Nakijwa mfiwa achague.

Mzee Kiangi akasema, "Mimi nilitoa pembe tu, maji sikuyafungua. Mlinzi hana mdomo wa kuita?"

Mbonea, kaka wa Nakijwa wa tumbo moja, akasema, "Dada, niliita mpaka koo likachanika. Sauti yangu ingefika wapi na maji yale? Na nisingefungua lote kama si huyu mwizi."

"Mwizi!" Nambua akainuka. "Maji ya maharage ya wajukuu zangu yatima ni wizi, ya watu wazima kupigia mayowe ni haki? Na wewe Nakijwa, shoga yangu, nisamehe, lakini nani alimwambia mtoto akafue?"

 

Nakijwa akachukua jembe, akaenda mpaka inapogawanyika mifereji. Wa Kiangi. Wa Mbonea. Wa Nambua. Na wa nne, wake mwenyewe. Akasimama, jembe begani.

Mara tukasikia pembe inalia. Mgeni mmoja kule kambini alikuwa akiijaribu. Chini mtoni wanawake wakanyakua nguo zao, wakakimbia.

Nakijwa akashusha jembe.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu majirani, shikeni mpini. Je, mfereji wa nani ulistahili kuzibwa?