Hodi ya Fisi

Hapo zamani za kale, na anayedhani naongopa aondoke sasa hivi, maana nilikuwepo mwenyewe kwa macho yangu haya mawili. Siku hizo, wanangu, nyumba hazikuwa na makufuli. Mlango ulikuwa jamvi tu lililoning'inizwa, na kufuli lenyewe lilikuwa neno moja: hodi. Ukiitikiwa karibu, unavua viatu, unaingia. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Ah, raha iliyoje!

Basi Nguchiro alikaa peke yake katika kibanda alichoachiwa na marehemu mama yake. Kila kitu mle kilimkumbusha mama: mafiga matatu, kinu, hata harufu ya moshi iliyoganda ukutani. Adhuhuri moja alikuwa chumbani amejinyoosha, akasikia jikoni: kwachu! kwachu! kwachu!

Akachungulia. Fisi! Kichwa kizima ndani ya chungu cha magimbi.

"Wee! Toka!"

Fisi akageuka, akakenua meno. "Toka mwenyewe, kidudu wewe! La sivyo nitakumeza pamoja na haya magimbi."

Akamrukia. Nguchiro akaudaka mchi wa mama yake. Pu! Katikati ya paji. Fisi akatoka mbio, "Uwii! Uwii!", na Nguchiro akaishia kwenye kizingiti, asikivuke.

Kesho yake Fisi akaenda kushtaki kwa Simba, aliyekuwa jumbe wa mji. Kichwa kimefungwa kitambaa, nundu kama embe dodo.

"Jumbe wangu, nilipiga hodi. Akanijibu karibu mjomba, karibu ndani. Ile nainama nikae, pu! Mgeni hapigwi! Nataka kile kibanda kiwe fidia yangu."

Baraza zima likaguna. Nguchiro, aliyeitwa kujibu shtaka, alishamwona Fisi amekalia mafiga ya mama yake.

Simba akakohoa. "Nguchiro, sheria unaijua. Aliyeingia bila hodi akakurukia, mpige ujiokoe. Akishakimbia, mwache. Lakini mgeni aliyekaribishwa haguswi hata unywele. Ulimpiga vipi?"

"Pigo moja, Jumbe, alipokuwa ananirukia kutoka kwenye chungu changu cha magimbi. Kizingiti sikukivuka."

"Muongo!" akabweka Fisi. "Una shahidi?"

Shahidi hana. Nguchiro akajikuna sikio. Akatupa jicho chini ya ngazi, pale watu wote walipovua viatu kabla ya kupanda barazani. Ghafla akapiga magoti.

"Mjomba Fisi, nisamehe. Kweli ulipiga hodi, nami nikakukaribisha."

"Mnamsikia! Mnamsikia!"

"Tena ukavua makubazi yako mlangoni, kama mgeni mwenye adabu zake. Ulipokimbia ukayasahau. Nimekuja nayo, ngoja."

Akashuka mbio, akarudi na jozi ya makubazi mekundu, ngozi laini, yamenakshiwa kwa uzi. Fisi, ambaye tangu azaliwe hajavaa hata kandambili, mate yakamchuruzika.

Simba akafumbua mdomo aseme. Nguchiro akamwahi: "Subira kidogo, Jumbe wangu, mwenyewe ayatambue. Mjomba, ndiyo haya?"

"Haya haya! Kanishonea mkwe wangu!" Fisi akayavaa hapo hapo. Yakampwaya. Chwapu, chwapu, chwapu, akatembea kwa maringo mbele ya baraza. "Nilijua tu nimeyaacha kwake!"

Kanga, jirani yake Nguchiro, akashindwa kujizuia. "Kwe-kwe-kwe! Fisi wee, hayo makubazi ni ya Jumbe!"

Simba akainuka, miguu mitupu. "Kumbe! Viatu vyangu, barazani kwangu, mchana kweupe, nami natazama! Anayethubutu haya atashindwaje kuzamia chungu cha mwenzake? Hodi hukupiga wewe. Vua, toka! Na wewe Nguchiro, kibanda ni chako, na pigo lile lilikuwa halali yako, kwa kuwa uliishia kizingitini."

Siku hiyo Nguchiro alipika magimbi kwa tui zito. Majirani wakaja mmoja mmoja, "Hodi!" "Karibuni!" Mwishowe hata Fisi akasimama nje ya jamvi, akapiga hodi kwa kisauti cha kitoto, akaitikiwa, akapewa sahani yake.

Aingiaye bila hodi asilalamikie mchi.

Haya, ndivyo nilivyoona. Ila ile sahani ya Fisi, hiyo nimeitia mimi. Siku zile nazipenda mno, nikashindwa kumwacha mtu nje na njaa.