Mlango wa Miiba

Paukwa!

Pakawa.

Sogeeni basi. Mwenye mtoto mgongoni amshushe ampakate, maana ndani ya ngano hii kuna mtoto mgonjwa.

Siku hiyo walikuwapo hawa. Alikuwapo Digidigi, na mwanawe mgongoni. Alikuwapo Kenge, mfagiaji wa jabali. Alikuwapo Nyegere, mwenye asali. Alikuwapo Nungunungu. Walikuwapo Mhanga na Korongo, wazee wawili walioambiwa wapumzike kabla hawajachoka. Na alikuwapo Kanga, amekaa juani peke yake, hasemi na mtu. Ni hao tu. Mkimsikia mwingine anasema naye alikuwapo, huyo alisimuliwa kama ninyi.

Zamani hizo, kale ya kale, wanyama walikuwa na ukuta mmoja wa kusoma. Ulikuwa ndani ya pango, kwenye Jabali la Alama, ukuta laini kama kiganja. Mnyama akigundua jambo la kuwafaa wenzake, labda mzizi wa homa, labda mahali penye maji wakati wa kiangazi, alilichora kwenye kipande cha gome. Gome akalitia kapuni. Kapu akalifunika. Juu ya kapu haweki jina, haweki alama, haachi hata unyoya. Analiacha mbele ya pango, anakwenda zake.

Kisha wanakuja Mhanga na Korongo. Mhanga anachimba, krr, krr, krr. Korongo anachota maji, anachemsha, anaonja. Hawajui kapu ni la nani. Liwe la rafiki, liwe la adui, wao hawajui. Wanajaribu mara moja. Wanajaribu mara mbili. Wanajaribu mara tatu. Jambo likiwa si kweli, kapu linarudishwa palepale, mwenyewe anakuja kulichukua bila kuaibishwa. Likiwa la kweli, mbiu inapigwa, mwenyewe anajitokeza. Anachora ukutani kwa mkono wake, na chini anakanyaga wayo wake kwa udongo mwekundu, kila mtu ajue kazi ile ni ya nani.

Na pango halikuwa na mlango. Mwenye mgonjwa aliingia akasoma. Asiye na mgonjwa aliingia akasoma. Kazi ya Kenge ilikuwa kufagia tu. Faa, faa, faa, anafagia. Kwa, kwa, kwa, anabandua kuvu ukutani.

Mwaka mmoja Kenge akasimama, akaegemea ufagio wake. Akaona wanavyoingia, akaona wanavyotoka. Akasema moyoni, wote hawa wanapita kwangu.

Kesho yake akakokota matawi ya mgunga yenye miiba mirefu. Kwarara, kwarara, kwarara. Akaziba pango lote. Akakaa mbele yake, akatoa ulimi, akaurudisha.

"Kuanzia leo," akasema, "anayetaka kusoma alete kibuyu kimoja cha asali. Anayetaka kuchora alete vibuyu viwili, na mambo ya makapu tumeyaacha, yanachelewesha."

Akawageukia Mhanga na Korongo. "Wazee wangu, mmetutumikia sana. Kapumzikeni."

"Sisi hatujachoka," akasema Mhanga.

"Mmechoka, mzee. Hamjijui tu."

Basi nani ana asali mwituni? Nyegere. Nyuki wakimuuma hasikii, ngozi yake nene. Na Nyegere alikuwa na hamu moja. Mwenye nyayo kumi ukutani hukaa kwenye jiwe la mbele wanyama wanapokutana. Nyegere alikuwa hajagundua kitu maisha yake yote, ila jiwe la mbele alilitaka.

Sasa msikilize na Nungunungu. Misimu mitatu alikuwa akitafuta dawa ya tumbo la kuvimba, ule ugonjwa unaochukua watoto. Hakusikia habari za sheria mpya, maana alikuwa porini anachimba. Alipopata dawa akafanya kama ilivyokuwa. Akachora, akafunika kapu, akaliacha mbele ya pango, akaenda zake.

Kenge akalifunua. Akamwita Nyegere. Nyegere akaleta vibuyu viwili, akaingia, akachora upesi upesi asali ikimdondoka kidevuni. Akachora mzizi. Akachora chungu. Akachora moto. Akachora mtoto anakunywa. Akakanyaga wayo wake. Huo ulikuwa wa kumi, na tisa za kwanza nazo alizinunua kwa asali.

Hakuna aliyechimba. Hakuna aliyechemsha. Hakuna aliyeonja.

Siku zikapita. Mtoto wa Digidigi akaanza kuvimba tumbo. Asubuhi kama embe, mchana kama tikiti. Halii tena, anakodoa macho tu. Digidigi akambeba mgongoni, akaenda mbio. Tiki tiki tiki, tiki tiki tiki, mpaka Jabali la Alama.

"Bwana Kenge, hodi."

"Kibuyu kiko wapi, mama?"

"Sina kibuyu. Mimi sipandi miti, bwana Kenge, unaziona kwato zangu. Nina mtoto anaumwa. Nasikia dawa ya tumbo imo humo ukutani."

"Imo. Nzuri sana. Ya bwana Nyegere huyu hapa." Nyegere alikuwa amelala kivulini, akainua kidole kimoja kusalimia.

"Basi niondolee tawi moja. Nitachungulia tu, sitaingia."

"Kuchungulia ni kusoma, mama."

"Basi wewe niambie yaliyochorwa."

"Kuambiwa nako ni kusoma."

Digidigi akapiga magoti. Goti la kwanza, goti la pili. Mwanawe akateleza mgongoni, naye akamdaka kwa shingo. Nyegere akacheka. "Huyu angekimbia hivyo kwenye mzinga, saa hii angekuwa na asali."

Korongo, aliyekuwa kando na Mhanga, akasogea, akafungua bawa moja, akalitandaza juu ya yule mtoto apate kivuli. Digidigi akaliona lile bawa, akakaza moyo asilie.

Wakati huo Nungunungu anakuja. Ilikuwa mara yake ya tano kuja kuulizia kapu lake.

"Bado linaangaliwa, mzee," akasema Kenge, hata kabla ya kuulizwa.

"Linaangaliwa na nani? Mhanga yuko hapa. Korongo yuko hapa. Wote wawili mikono mitupu."

"Linaangaliwa, mzee. Usiwe na haraka."

Nungunungu akamwona mtoto. Akalaza miiba yake yote, mmoja mmoja, mpaka mgongo ukawa laini kama mkeka, ndipo akakaa karibu naye. Akamgusa tumbo. "Mwanangu," akamwambia Digidigi, "dawa ya hili ninayo mfukoni. Ukae nayo. Unachemsha mzizi, maji ya kwanza unayamwaga. Unachemsha tena, maji ya pili ndiyo anakunywa. Usisahau, ya kwanza unamwaga. Yale ni sumu."

Kule juani Kanga akasimama.

Akaja polepole. Uso wake ulikuwa wa buluu, na wote walidhani ni majonzi yamemgeuza rangi, wakaona haya kumwuliza.

"Baba, umesema kumwaga?"

"Kumwaga, mwanangu. Ya kwanza ni ya buluu, yanaua."

"Ukutani hakuna kumwaga," akasema Kanga. "Nilifuata nyuki siku nne, nikaumwa mpaka macho yakafunga, nikapata kibuyu kimoja. Nikaingia nikasoma. Kuna mzizi, chungu, moto, mtoto anakunywa. Nikachemsha. Nikatia uso nikaonja mimi kwanza, nikaumwa siku mbili tu. Mwanangu naye akanywa, hakuamka. Nikajua nimekosea mimi. Nimekaa hapa kila siku nikijiuliza nilichemsha vibaya wapi."

Hata Nyegere aliacha kulamba asali vidoleni.

Digidigi akamtazama Kanga. Mama mwenzake, siku zote hizo amekaa na kosa ambalo si lake. Hapo woga wote ukamtoka. Nyinyi mnamjua digidigi, akisikia jani limeanguka anakimbia. Siku hiyo hakukimbia.

"Mzee Mhanga," akasema, "umechoka?"

"Mimi nilisema tangu mwanzo sijachoka."

Krr, krr, krr. Mhanga akachimba chini ya miiba. Krr, krr, krr. Kenge akaruka huku, akaruka kule, "Sheria, sheria jamani," na udongo ukamjaa mdomoni. Miiba ikalala chini yote. Wakaingia.

Kweli. Mzizi, chungu, moto, mtoto anakunywa. Na wayo wa Nyegere.

"Hii ni kazi yangu," akasema Nungunungu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ila chungu kinachoinamishwa hakipo."

"Wazee husahau," akasema Nyegere. "Hii nimegundua mwenyewe."

Digidigi akambana kwa maswali. "Uliuchemsha mzizi, bwana Nyegere?"

"Mara nyingi."

"Maji ya kwanza rangi gani?"

"Si amesema buluu? Buluu."

"Yanatoka yakikushika?"

"Yanatoka, maji ni maji. Unaosha yanatoka."

Nungunungu akafungua viganja vyake viwili. Vilikuwa vya buluu mpaka kwenye mikunjo, buluu ya misimu mitatu. Kanga akainua uso wake wa buluu. Wote wakageuka kumtazama Nyegere.

"Tuonyeshe vyako," akasema Digidigi.

Nyegere akaficha mikono nyuma. Mhanga akamzunguka akaviona. Vilikuwa vinanata asali, kwingine kote ni weusi wake wa kuzaliwa.

"Hukuuchimba mzizi huu," akasema Digidigi. "Hukuuchemsha. Ulitaka jiwe la kukalia, na mtoto wa mwenzangu amekufa kwa ajili ya jiwe lako. Na wewe, Kenge. Uliacha uongo uingie kwa vibuyu viwili, ukauzuia ukweli nje. Ukamfanya mama anunue sumu kwa macho yaliyovimba."

"Nami nakula nini?" akasema Kenge. "Nafagia tangu alfajiri. Mliwahi kuniuliza nakula nini?"

Digidigi akaitikia kwa kichwa, maana hilo lilikuwa kweli. Kisha akasema, "Ungesema una njaa tungekuletea chakula, hata mimi ningekuletea. Hukusema una njaa. Ulisema una mlango."

Wakati wanasema hayo, Korongo alikwisha washa moto. Maji ya kwanza yakachemka, ya buluu, akayamwaga mbali, pwaa. Maji ya pili yakachemka, meupe. Mtoto akanywa. Wakangoja. Kanga ndiye aliyempakata, Digidigi mwenyewe alimpa.

Jua likasogea. Tumbo likanguruma, guru, guru, guru. Kisha, samahanini wakubwa, mtoto akajamba, puuuu, mrefu kama kamba, mpaka Mhanga akapiga chafya. Tumbo likashuka. Mtoto akalia akitaka ziwa, na Digidigi akacheka na kulia kwa pamoja.

Nyayo zote kumi za Nyegere zikafunikwa kwa udongo mweupe, ili mpitaji ajue hapa palikuwa na uongo, asiuamini. Michoro yake ikajaribiwa upya mmoja mmoja. Saba haikuwa kweli. Mitatu ilikuwa ya wengine, nao wakaitwa wakakanyaga nyayo zao. Nungunungu akachora chungu kinachoinamishwa, mara mbili, kikubwa. Matawi ya mgunga yakawa kuni. Kenge akarudishiwa ufagio, na kila mnyama akawa anamwachia chakula chake mlangoni, pasipo mlango.

Sasa watoto na mama zenu, funzo ndilo hili. Elimu inayoponya haifungiwi miiba. Kabla haijachorwa ijaribiwe na wasiomjua mwenyewe. Na aliyeifanyia kazi ndiye anayekanyaga wayo wake, si mwenye asali.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Anayeitaka aichukue, haina mlango.

Kanga ile buluu haikumtoka. Mpaka leo anayo usoni.