Mtamba wa Machozi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzijuzi ambayo simu zilikuwepo na kila mtu alikuwa nayo mkononi, chini ya milima ya Uluguru aliishi mwanamke aitwaye Zamoyoni. Kazi yake ilikuwa kuigiza. Aliigiza jukwaani, aliigiza kwenye mikutano ya afya, aliigiza hata harusini akiombwa. Na kwa ajili ya kuigiza huko, baba yake mzazi, Mzee Lukwele, mkulima wa ndizi kule juu mlimani, alimwambia: "Mtoto anayejichekesha mbele za watu si wangu. Usinipigie hodi tena."

Zamoyoni akashuka mlima. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga sikukuu, haikupokelewa. Akapiga alipougua, haikupokelewa. Mengine yote ya dunia aliyacheka, lakini hilo lilimla ndani kwa ndani.

Sasa basi. Alikuwa na rafiki aitwaye Tekla, mwanamke wa maneno mengi, kichwa chake hakipumziki. Siku moja Tekla alikwenda msibani mtaa wa pili, akawaona ndugu wa marehemu wanagaragara chini kwa kilio. Ndugu walewale, mwenzao alipokuwa mgonjwa, hawakumpelekea hata chungwa! Tekla akatoka pale mbio hadi kwa Zamoyoni.

"Nimepata sinema!" akasema. "Mwanamke anakufa, na siku hiyo ndiyo watu wanampenda. Mwanamke mwenyewe ni wewe."

"Nife?"

"Ulale tu, shoga yangu. Kulia watalia wengine."

Tekla akaandika. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akamwendea Fundi Dimoso, mpiga video wa harusi na misiba yote ya mji ule, mtu mpole mwenye kamera moja anayoibeba kama mtoto mchanga. Wakapiga picha za jikoni. Wakapiga za sokoni. Wakapiga za hospitali, kwenye chumba cha shangazi yake Tekla kilichopakwa chokaa. Ikabaki sehemu moja tu, ya msiba, na msiba unataka watu.

Wakapita nyumba kwa nyumba. "Mama, njoo utusaidie kulia kwenye sinema." "Tokeni hapa! Kuigiza msiba ni kuuita!" Nyumba ya pili, tokeni. Nyumba ya tatu, tokeni, na maji ya vyombo juu yake. Sinema ikataka kufa kabla ya marehemu wake.

Ndipo Tekla akasema, "Kwani sisi hatuwajui watu wetu? Tufunge turubai kwenye nyumba ya mtaa wa mbali, wasikotujua. Tutandike mikeka. Tuwashe moto wa kuni uani, tuweke tawi bichi la msiba pale barabarani. Watakuja wenyewe."

"Huo si udanganyifu, Tekla?" Zamoyoni akauliza.

"Tutawaambia mwishoni, na watakula washibe."

Enhe! Wakafunga turubai, wakaweka tawi, na watu wakaja. Akina mama wakaja na kuni kichwani na unga kwenye vitenge. Wanaume wakaja, wakakaa kwenye mabenchi, wakashika mashavu. Mmoja akanong'ona, "Nani katutoka?" Tekla akataja jina aliloliandika kwenye sinema: "Mama Rozina." "Aa! Mama Rozina! Mtu wa watu yule!" Wala hakuna aliyewahi kumwona Mama Rozina, maana hakuwahi kuzaliwa. Lakini nani atakaa msibani akiri kuwa hamjui marehemu? Mama mmoja alikumbuka hata kinu alichoazimwa naye. Na kamera je? Hakuna aliyeishangaa. Siku hizi msiba bila mtu wa video watu wanauliza kulikoni.

Zamoyoni alikuwa sebuleni juu ya mkeka, kafunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, macho kayafumba. Alisikia watu wakiingia, wakisimama, wakivuta kamasi, wakitoka. Kicheko kilimpanda, akakimeza. Pua ikamwasha, akavumilia. Moyoni alijisemea, jamani, hawa watu wema kiasi hiki nitawatazamaje nikiamka?

Asichokijua ni hiki. Mmoja wa walioingia alikuwa Tindwa, dereva wa lori la ndizi. Yeye sura ile aliijua. Alitoka kichwa chini, akawasha lori, akapanda nalo mlima hadi shambani kwa Mzee Lukwele, akamwambia, "Mzee, jikaze. Zamoyoni hatunaye."

Mchana umeinama, Zamoyoni akasikia lori likisimama nje. Akasikia uani pakinyamaza. Kisha akasikia nyayo zinaingia sebuleni, nzito, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Nyayo zile alizijua tangu anatambaa.

"Zamoyoni," sauti ikasema. "Zamoyoni, mama."

Hapo, wasikilizaji wangu, Zamoyoni alitaka kuamka. Kabisa! Mguu ulishaanza kujikunja. Lakini baba yake akapiga magoti, akaendelea kusema, na maneno yenyewe ndiyo haya.

"Mimi ndiye baba yako, mkaidi huyu. Simu zako niliziona. Zilikuwa zinaita, mimi naigeuza simu kifudifudi mezani, naitazama mpaka inyamaze. Nilisema atakuja mwenyewe. Chumba chako nakifagia, mama. Kila Jumamosi nakifagia, watu wakiniuliza nasema nafukuza panya. Ulipokuwa unachekesha watu kwenye mkutano wa afya kule kijijini, nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya duka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikukwambia. Amka nikwambie!"

Zamoyoni akalala. Aliyangoja maneno yale siku zote hizo, na sasa yalikuwa yakimwagika, naye aliogopa kwamba akifumbua jicho tu yatakatika. Akalala. Machozi yakamtoka yakaingia masikioni, akalala. Fundi Dimoso kule pembeni alikuwa keshaelewa kuwa huyu mzee haigizi. Hakuzima kamera. Tekla mlangoni alikuwa keshaelewa pia. Kajiziba mdomo kwa kanga, na hakusema "basi".

Mzee Lukwele akainua mikono kuomba achukuliwe yeye, binti arudishwe. Hapo Zamoyoni hakuweza tena.

"Baba," akasema, akaketi.

Lo! Nani aliyebaki? Mabenchi yalilala chali. Mzee mmoja aliyekuja na mkongojo aliondoka bila mkongojo. Mama wa kinu aliruka sufuria la maharage lililokuwa linachemka, na hakuligusa. Uwanja ulibaki kandambili tupu.

Mzee Lukwele hakukimbia. Alimshika binti yake mashavu, akambonyeza mabega, akamgusa paji la uso kama anampima homa. Kisha akasema, "Umekula?"

"Bado, Baba."

"Ndiyo maana umekonda hivi."

Wakashikana wakalia, sasa kilio cha raha. Baadaye ndipo mzee alipoelezwa mambo yote, na ndipo alipomfukuza Tekla uani akiwa na kiatu mkononi, na Tekla alikimbia akicheka na kuomba radhi papo hapo. Watu wakarudi mmoja mmoja kufuata kandambili zao. Wakafoka, wakatukana, wakasikia harufu ya pilau, wakakaa. Msiba ukawa sherehe. Jioni ile kila aliyepita karibu na Zamoyoni alimfinya kidogo ahakikishe, na Zamoyoni aliona raha kufinywa.

Lakini sinema bado. Tekla na Dimoso wakakaa kwenye kompyuta wakikata na kuunga, na wakagundua kuwa hadithi nzima imegeuka. Ile ya mzee haikuandikwa popote, na ndiyo iliyokuwa sinema. Ikiondolewa, kilichobaki ni watu wanaomenya vitunguu. Zamoyoni akasema, "Haonyeshwi mtu kabla hajaona Baba. Akisema futeni, tunafuta." Alisema hivyo kwa ushujaa, lakini aliogopa. Ndiyo kwanza amerudishiwa nyumba. Je, baba akiona alivyofanywa, atamfungia tena mlango?

Wakapanda mlimani na kompyuta. Mzee akatazama, mikono juu ya magoti. Ilipofika pale, akasogea karibu.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, Baba."

"Nalia vibaya namna hiyo?"

Mzee akatazama mpaka mwisho, akapenga kamasi, akasema, "Onyesheni."

"Huoni aibu, Baba?"

"Naiona. Onyesheni hivyohivyo. Milima hii ina akina baba wengi."

Pumzi aliyoishusha Zamoyoni hapo, hata Tekla aliisikia.

Ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya wakulima, jua lilipozama, juu ya ukuta mweupe wa ghala. Uwanja ulijaa, na wengine walikuwa juu ya trekta. Mwanzo watu walicheka. Alipoingia yule mzee na kupiga magoti, kicheko kikakatika. Wanawake wakalia waziwazi. Wanaume wakasema vumbi, vumbi la uwanja huu jamani, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, simu sikioni. "Haloo, mwanangu? Hapana, hakuna tatizo. Nimepiga tu."

Ikawa furaha, na hapohapo ikawa tabu. Ushirika wa wafuga ng'ombe ulikuwa umeahidi mtamba mmoja wa maziwa, mweusi mwenye paji jeupe, kwa mtu wa sinema atakayewatoa watu machozi kuliko wote. Mtu, siyo watu. Mwenyekiti wao, Mama Kibena, akasimama kashika kamba. "Haya, ni nani?"

Tekla akasema, "Mtamba ni wangu. Nani aliyeiwaza sinema hii? Nani aliyefunga turubai? Bila mimi kila mmoja wenu angekuwa kwake anamenya viazi."

"Ulitudanganya!" watu wakapiga kelele.

"Niliwadanganya, nikawalisha."

Fundi Dimoso akasema, "Mtamba ni wangu. Mwili wote uliniambia zima, nami sikuzima. Ningezima, maneno ya mzee yangeishia kwenye kuta za sebule ile."

"Ulimwona mtu mzima anaumia, ukashika kamera badala ya kumshika yeye!"

"Kweli. Na sijasahau."

Tindwa dereva naye akajipenyeza. "Na mimi je? Bila mimi mzee angekuwa mgombani mpaka leo."

"Wewe ulipeleka uongo!"

"Niliupeleka kwa moyo safi, tena kwa mafuta yangu!" Watu wakacheka mpaka mtamba akashtuka.

Mzee Lukwele akasema, "Mtamba ni wangu. Hawa wote walifanya kazi. Mimi sikufanya kazi, mimi niliumia. Machozi ni yangu, yenu yameyafuata."

Mama mmoja akauliza, "Lakini Baba, aliyemnyamazia mwenziwe kwanza ni nani?"

"Ni mimi. Ndiyo maana yalikuwa mengi."

Zamoyoni akasimama wa mwisho, kamkabili baba yake. "Mtamba ni wangu. Nililala. Mguu ulitaka, mkono ulitaka, nikalala."

Mzee akamtazama. "Ulinisikia?"

"Tangu neno la kwanza."

"Unanisikia nimevunjika, na umelala?"

Zamoyoni hakuyakwepa macho ya mzee. "Nilikukosea, Baba. Ila niambie kweli mbele ya watu hawa. Ningeamka, ungeyasema?"

Mzee Lukwele akatazama watu, akamshika binti yake mkono.

"Nisingeyasema," akasema. "Ningekuuliza kama umekula, halafu ningepanda lori."

Mama Kibena kasimama na kamba yake, mtamba anatafuna shada la maua la mgeni rasmi, na hakuna aliyethubutu kuamua. Aliyewaza akadanganya, aliyeshuhudia asisaidie, aliyepeleka uongo kwa moyo safi, aliyelia baada ya kuchelewa, au aliyelala akamwacha baba yake alie? Msinitazame mimi, kazi yangu imeisha. Je, nani alistahili?