Jaribio Lililofaulu Siku Zote

Mwanamke mmoja, Somoe, alikuwa na kazi ya kuandika programu. Yeye na wenzake walijenga mnyororo wa kumbukumbu kwa ajili ya ghala la ufuta. Mkulima akileta magunia, kumbukumbu yake inatiwa saini na kufungwa kwenye ile iliyotangulia, na tangu hapo hakuna wa kuifuta. Ya uongo ikiingia, basi, imeingia. Na magunia ya mama yake Somoe yalikuwa yakingoja ghala hilo lifunguliwe.

Ofisi ile ilikuwa na desturi yake. Kila jaribio la programu lilitanguliwa na maandalizi: wakulima wa kubuni, mizani ya kubuni, hata mvua ya kubuni. Kila aliyepita pale aliongeza mistari yake. Wa kupunguza hakuwepo. Nani ajitafutie lawama? Maandalizi yakawa marefu hata watu wakiyaanzisha huenda kunywa chai, wakirudi wanakuta kioo ni cha kijani, yaani programu imefaulu, wanashukuru Mungu na kuendelea na mengine.

Somoe alichoka kushukuru asichokielewa. Akafuta mvua, akafuta mizani, akabakiza mkulima mmoja na gunia moja. Chini kabisa akakuta mstari wa zamani, kazi ya mtu mwenye haraka zake, uliokuwa ukizichuja saini za kughushi ili programu isikutane nazo. Akaufuta nao. Jaribio likaisha hata hajainuka kitini, na kioo kikawa chekundu. Programu ilikuwa imeipokea saini ya kughushi, yaani imempokea mwizi bila kumuuliza jina.

Nannauka, mkuu wao, alikuja mbio. Wageni wa ufunguzi wamekwisha kualikwa, na huyu anachokonoa yaliyolala. Akamwamuru arudishe kila kitu kama kilivyokuwa, la sivyo akusanye vitu vyake. Wenzake wakajitia kusoma vioo vyao. Somoe aliogopa, tusidanganyane. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Lakini hasira ilimzidi.

“Sirudishi, bosi. Huko ghalani mwizi akija, nani atamchuja?”

Akakaa palepale, vitu vyake hakuvigusa. Nannauka akakitazama kile kioo chekundu, kisha akatoka nje kuwapigia wageni simu wasije.

Nanyi mnaojipima na kujiona wazima kila mara: siku ya kipimo, mwizi huwa mmemfungia wapi?