Sengondo Apeleka Mpaka kwa Sultani

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiijua nchi kwa nyayo, palikuwa na kijiji kiitwacho Kiseru, mlimani, mpakani mwa nchi ya Sultani Barawa na nchi ya Mfalme wa Ng'ambo. Mpaka wenyewe ulikuwa safu ya masale, ile mimea ya majani marefu ambayo wazee huipanda kutenga shamba na shamba. Desturi ilikuwa hii: yalipo masale ndipo ulipo mpaka, hata mto uhame, hata wafalme wafe. Tena jani la isale lilikuwa na kazi ya pili: mkosaji akimpa jani hilo aliyemkosea, hana budi kusamehewa.

Kijijini hapo aliishi fukara mmoja, Sengondo, msuka vikapu. Alikuwa na shamba la maharage na kaburi la mama yake, na vyote viwili vilikuwa upande wa Ng'ambo. Watu walimwita punguani, kwa kuwa alitii kila neno kama lilivyosemwa. Siku moja mkewe alimwambia ampelekee mgeni kiti. Mgeni alikuwa ameshaondoka, naye Sengondo akamfuata na kiti hadi kijiji cha tatu.

Basi Sultani Barawa hakuwa amefika Kiseru hata siku moja. Alikuwa mnene, na safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi barazani. Lakini alitoa sheria kwamba mtu asivuke mpaka bila cheti chenye muhuri wake, na atakayevuka apigwe viboko thelathini, awe nani na awe nani. Akaweka askari alinde. Ikawa Sengondo hawezi kupalilia maharage yake wala kufagia kaburi la mama yake. Bibi Namkunda, ambaye masale yalipita katikati ya nyumba yake, akawa analala kwa Sultani na jiko lake liko kwa Mfalme wa Ng'ambo.

Kisha Sultani akamtuma karani aandike habari za Kiseru, asili yake na mahali kilipo. Karani akarudi akasoma:

"Bwana wangu, mwaka wa nzige mto ulikuwa kaskazini mwa kijiji. Mwaka wa ndui ukahamia kusini. Babu zao walihama mara tatu, na mara zote tatu hawakutoka walipokuwa. Yuko mbuzi anayelala kwetu na kunyonyesha kwao."

Sultani akaghadhibika. "Nimechoka na maneno! Niletewe huo mpaka hapa barazani niuone kwa macho yangu. Siku saba zikipita sijauona, kijiji kichomwe moto na watu wahamishiwe bonde la magadi."

Karani akaipeleka amri Kiseru. Watu wakalia, wakasema, mpaka unabebwaje? Sengondo peke yake ndiye aliyeuliza:

"Bwana karani, amri hiyo ina muhuri?"

"Ina muhuri."

"Basi leteni majembe tuuchimbe."

Bibi Namkunda akashika kiuno. "Wewe mwana wewe! Hukutosheka kumfukuzia mgeni na kiti?"

"Bibi, kiti kilifika."

Basi wakayang'oa masale yote pamoja na udongo wake, wakayatia vikapuni, wakatembea siku mbili. Askari wa mpaka akawafuata na mkuki wake. Alipoulizwa anakwenda wapi, akajibu, "Nimeagizwa nilinde mpaka. Ukisafiri, nasafiri."

Walimkuta Sultani barazani akingoja chakula. Sengondo akasujudu. "Bwana wangu, mpaka umefika. Ila ukikaa kikapuni utakauka."

"Upandeni upesi niuone."

Wakaupanda toka ukuta hadi ukuta, kati ya baraza na jiko. Sultani akautazama. "Ndio huu? Majani?"

"Ndio huu, bwana wangu. Haujapungua."

Sultani akaridhika, akapiga makofi aletewe chakula. Mpishi akaja na sinia la pilau linafuka moshi. Alipofika kwenye masale, askari akamwekea mkuki.

"Cheti!"

"Cheti nikipate wapi, ndugu yangu? Pilau linapoa!"

"Kwa karani."

Karani akajipapasa mifukoni. "Muhuri uko chumbani mwangu."

"Chumba chako kiko wapi?" akauliza Sultani.

"Nyuma ya jiko, bwana. Ng'ambo."

Hapo waziri akainama sikioni mwa Sultani. "Bwana wangu, pilau si kitu. Kama mpaka uko hapa, basi toka hapa hadi Kiseru, mwendo wa siku mbili, mashamba na mifugo, vyote ni vya Mfalme wa Ng'ambo."

Sultani akapiga kelele, "Yang'oeni!"

"Tunatii," akasema Sengondo. "Ila amri ya kung'oa tumeshaitimiza. Ya pili nayo yataka muhuri, na muhuri uko nchi ya watu."

Sultani akalitazama sinia la pilau ng'ambo ya masale. Akainuka taratibu, akaenda hadi kwenye masale, akakata jani moja, akampa msuka vikapu.

Sengondo akalipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, bwana wangu, na kwa jani hili mpaka utarudi, hata bila muhuri. Ila mpaka hurudi na mwenyewe nyuma yake, kwa miguu, ashuhudie unapopandwa. Ndiyo desturi."

Basi Sultani Barawa akatembea. Siku mbili za wengine zikawa siku tano kwake. Alipofika Kiseru na masale kupandwa palepale, aliketi kwenye kizingiti cha Bibi Namkunda, miguu imevimba, na bibi akamnyoshea bakuli la maharage kutoka jikoni. Mkuki wa askari ukashuka katikati.

"Bibi, una cheti?"

Sultani akamtazama askari, akalitazama bakuli, akacheka hadi machozi yakamtoka. Akaifuta sheria ya vyeti hapohapo, akanyosha mkono Ng'ambo akala. Sengondo akaruka masale, akaenda kufagia kaburi la mama yake, mchana kweupe.

Karani akafungua daftari. "Bwana wangu, habari za Kiseru niziandikeje sasa?"

Sultani akatafuna, akameza.

"Andika kwamba ni mbali."