Chuma Kilichogongwa Wakati wa Adhana

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Sham aliishi mja mwema aitwaye Haritha, mshona mahema aliyejifunza uhunzi ukubwani kwa sababu moja tu. Mama yake, Bi Atika, alikuwa amepooza miguu, na hamu yake yote ilikuwa kuhiji. Haritha akaazimia kumuundia gari la kukokotwa na nyumbu, lenye kiunzi cha chuma, maana njia ya msafara ilikuwa ya mawe na makorongo.

Mhunzi aliyemfundisha alimuusia: "Chuma usikitazame, kigonge ukisikilize. Kizima hulia, chenye ufa hukoroma."

Basi akaenda sokoni. Palikuwa na vyuma vilivyoliwa na kutu, na vingine vinameta hata mtu aone haya kuvishika. Mgeni wa kazi, macho yakamponza. Akashika cha kumeta. Alipoinua nyundo tu, muadhini naye akaanza kuadhini. Haritha akagonga mara moja, sauti ikapotea ndani ya adhana, naye akaona si adabu kupiga kelele Mola akitajwa. Akakichukua, akakimbilia msikitini.

Gari likakamilika, likawa zuri kwelikweli. Siku ya safari, Bi Atika ameshaketi kizingitini na furushi lake mapajani, Haritha akakumbuka kwamba kile chuma hakuwahi kukisikia. Na chuma kikishaungwa na mbao hakisemi kitu. Kukijaribu ni kulifungua gari zima.

"Shaka ya nini?" akasema Dhakwani, mkuu wa msafara. "Gari linang'aa hili! Sema Bismillahi tuondoke. Msafara haumngoji mtu."

"Bismillahi nilisema, ndugu yangu. Kusikiliza ndiko sikusikiliza."

Akamgeukia mama yake. "Mama, nikilifungua hatuendi."

"Fungua, mwanangu. Nilimwomba Mola anifikishe kwenye Nyumba yake. Mwaka sikumtajia."

Akafungua huku machozi yanamtoka. Msafara ukaenda zake, vumbi likatua, ndipo akakigonga kile chuma. Kikakoroma. Akakigonga tena, kikakatika palepale ambapo mama yake angeketi.

Haritha akaanguka kusujudu. Kisha akarudi sokoni, akavigonga vile vya kutu kimoja kimoja hadi kikalia kimoja, watu wakimcheka. Mwaka uliofuata Bi Atika aliiona Kaaba akiwa juu ya chuma cha kutu, na yasemwa alikuwa akikipapasa na kumwombea dua aliyekichagua.

Enyi ndugu, mja huyu alikuwa mtu wa ajabu! Alitambua kwamba kuitika adhana ni ibada, na kukisikiliza chuma kitakachombeba mama yake nako ni ibada. Hii haiifuti ile. Nasi iko siku tutagongwa. Mola atujaalie tulie, tusikorome.